Huo Mche Niupande Kwenye Ardhi ya Nani?

Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni ndefu kidogo. Mwenye shughuli aihifadhi, aisome baada ya Isha.

Siku moja nilikwenda Makurunge, Bagamoyo, kwenye hitma. Baada ya Adhuhuri nikaombwa niseme maneno mawili matatu. Nikachagua hadithi ambayo wengi mnaijua, ile ambayo Mtume (swalla Llahu alayhi wasallam) anatuelekeza kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Nikakemea ukataji wa miti, nikawakemea wachoma mkaa. Watu wakaitikia vizuri, nami nikaona nimefikisha.

Tulipokaa kula, mzee mmoja aliyekuwa kwenye sinia yangu akaniambia kwa upole kabisa: "Shehe, nimekusikia. Lakini mnazi unataka miaka sita, saba, ndipo uone dafu. Mimi sijui kama mwakani nitakuwa hapa. Mkaa nauchoma leo, wiki hii hii nauza. Sasa huo mche niupande kwenye ardhi ya nani?"

Nilikosa jibu. Nikasema insha Allah, nikanawa mikono.

Ili muelewe swali lake, lazima mjue ardhi ile imepita wapi. Miaka ya 1970 eneo kubwa la upande ule, zaidi ya hekta 20,000, lilitengwa liwe ranchi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ndiyo Razaba, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Nia ilikuwa njema: ng'ombe wafugwe bara, Wazanzibari wapate nyama. Miaka ya 1990 ranchi ikafa. Ng'ombe wakaisha, mipaka ikabaki kwenye karatasi. Ardhi haikai tupu, ndugu zangu. Waliokuwa wafanyakazi wengine wakabaki, wakulima wakaingia na majembe yao, wafugaji wa Kibarabaigi wakaja na mifugo. Wakazaliana hapo, wakazikana hapo.

Kisha ikaja habari ya miwa. Wawekezaji kutoka Sweden walianza kuitaka ardhi hiyo katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2013 wakapata hati ya karibu hekta 20,000. Watu wakahesabiwa, wakaambiwa habari ya kuhama na kulipwa. Mwaka 2016 serikali ikausimamisha mradi huo, ikitaja Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyo jirani. Wawekezaji wakashitaki nje, na mwaka 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa fidia ya mamilioni ya dola. Sehemu ya ardhi, hekta 10,000, ilishatolewa kwa kampuni ya Bakhresa, na leo kiwanda kipo, sukari inatoka. Sisemi sukari ni haramu, sote tunaitia kwenye chai. Ninachotaka mkione ni miaka ile ya katikati. Mtu aliyeambiwa atahama, asijue lini, hapandi mnazi wala mwembe. Hupanda mahindi na ufuta, vitu vya msimu mmoja, na akibanwa anaingia porini na shoka.

Na sheria yetu ina jambo hapa. Tangu Sheria za Ardhi za mwaka 1999, mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Lakini hiyo ni kwa ardhi ya kijiji. Ardhi iliyokuwa ndani ya mipaka ya ranchi ina mmiliki mwingine kwenye makaratasi, hata kama mmiliki huyo hajaonekana na ng'ombe mmoja kwa miaka ishirini.

Niliporudi nyumbani nikafungua vitabu, na nikamkuta Sayyidna Umar (radhiya Llahu anhu) alishalijibu swali la yule mzee.

Mtume (s.a.w.) alimpa Bilal bin al-Harith al-Muzani ardhi ya Al-Aqiq, jirani na Madina. Huyu si Bilal mwadhini, msiwachanganye. Ilikuwa ardhi kubwa. Ukhalifa ulipofika kwa Umar, akaona Bilal ameshindwa kuilima yote. Akamwita, akamweleza kwamba Mtume hakumpa ardhi ile ili awazuilie watu, alimpa aifanyie kazi. Abaki na anachokiweza, kingine akirudishe. Bilal akakataa, maana hati yake ilikuwa ya Mtume mwenyewe! Ni hati gani duniani inazidi hiyo? Umar akaichukua ile iliyomshinda, akawagawia Waislamu. Na imepokewa kutoka kwake pia kwamba aliyeizungushia ardhi mipaka kisha akaiacha miaka mitatu bila kuihuisha, hana haki tena.

Lakini msiharakishe kusema Umar alikuwa upande wa jembe tu. Yeye yeye alitenga malisho ya Ar-Rabadha yasilimwe, yasiguswe, yawe ya wanyama wa sadaka na wa jihadi. Hiyo ndiyo hima, hifadhi kwa lugha yetu ya leo. Akamweka msimamizi, jina lake Hunayy, akampa maagizo ambayo Bukhari ameyapokea. Alimwambia aogope dua ya aliyedhulumiwa. Amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingie, na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan aizuie. Hao ni Abdur-Rahman bin Awf na Uthman, masahaba watukufu waliobashiriwa Pepo, matajiri wa Madina. Sababu yake: wao mifugo ikifa wanayo mitende na mashamba, maskini ikifa yake atakuja na watoto wake kulia mlangoni kwa Khalifa. Majani na maji, akasema, ni mepesi kwake kuliko kutoa dhahabu na fedha. Na akakiri kwamba wenyeji wataona amewadhulumu, kwa kuwa ile ni nchi yao, waliipigania zamani na wakasilimu juu yake.

Someni tena hapo. Khalifa anatenga hifadhi, na bado anaona uzito wa haki ya wenyeji shingoni mwake.

Mimi nilisimama Makurunge nikamkemea mwenye shoka, na huku mkaa ulioivisha futari yangu Ramadhani nzima ulitoka misitu hii hii ya Pwani. Mkemewa wa kwanza alipaswa kuwa mnunuzi, nami ni mmoja wao. Nimeanza kupikia gesi. Mtungi ni ghali, mke wangu ananikumbusha kila unapokwisha.

Mzee yule nilimpigia simu nikamsimulia kisa cha Al-Aqiq na cha Hunayy, chote. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniuliza kama Umar ameacha mwakilishi Bagamoyo. Kisha akasema nimletee miche, ataipanda uani mwa msikiti, maana pale hata yeye akihamishwa, watoto wa chuo watakula madafu.

Nampelekea Jumamosi, insha Allah. Mwenye miche ya minazi, hata miwili mitatu, aniandikie. Wabillahi tawfiq.