Mavazi ya Askari katika Maigizo ya Vita vya Lugalo

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo katika nchi ya Uhehe, wapiganaji wa Mkwawa walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Tukio hili lafaa sana kuigizwa, lakini mwalimu atakaye kuliigiza hukutana mapema na swali gumu: askari wavae nini?

Mazoea ni kuiga picha za vita vya 1914 hadi 1918, kwa kuwa ndizo zipatikanazo kwa urahisi. Humo twamwona askari wa kaki safi, kofia yake imefunikwa kaki na kupachikwa tai mbele, na afisa mwenye kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja. Hayo ni mavazi ya jeshi lililokwisha kukaa nchini zaidi ya miaka ishirini. Sheria iliyounda jeshi la koloni, Schutztruppe, ilitolewa Machi 1891, yaani miezi mitano tu kabla ya Lugalo. Kiini cha jeshi hilo kilikuwa watu waliokusanywa na Wissmann mwaka 1889: Wasudani walioandikishwa Cairo, na Washangana wa Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Tukiwavika hao sare ya 1914, tunamwambia mtazamaji kwamba nchi ilikuwa tayari mikononi mwa Wajerumani, na kwamba Mkwawa alikuwa mwasi dhidi ya serikali iliyokwisha simama. Sivyo hata kidogo. Alikuwa mtawala aliyeingiliwa nchini mwake na jeshi la kukodiwa.

Basi tutafute picha zenye tarehe, za miaka ya 1889 hadi 1892, nazo tuzisome kwa hadhari. Sahani za picha za zamani hazikuona rangi kama jicho lionavyo: nyekundu hutokea karibu nyeusi, na buluu hufifia ikakaribia nyeupe. Tarbushi nyekundu, ambayo ni urithi wa jeshi la Misri, huonekana pichani kama kofia nyeusi, na fundi asiyejua ataishona nyeusi. Wajerumani wenyewe tuwape helmeti ya jua. Ile kofia pana tuiachie miaka ya baadaye.

Hatuoni haja ya kuagiza mavazi Ulaya kwa bei kubwa. Fundi cherehani wa mjini aweza kazi hii akipewa pamba tupu, si kitambaa kilichochanganywa nailoni, ambacho hung'aa juani na kumsuta mvaaji. Kaki mpya ifuliwe na kuanikwa mara nyingi hadi ipauke. Zipu isionekane kamwe, kwani haikuwapo, vifungo vyatosha. Bunduki zichongwe kwa mfano wa Mauser ya 1871, iliyotia risasi moja moja na kutoa moshi mzito kila ilipolia. Moshi huo ni sehemu ya igizo sawa na koti.

Wahehe nao hudhulumiwa, pengine kuliko askari, kwa kuvikwa majani na ngozi za chui kama wachezaji wa ngoma za watalii. Merikani na kaniki zilikwisha ingia bara kwa njia za misafara miaka mingi kabla ya Lugalo. Vazi la nguo, mkuki na ngao ya ngozi ya ng'ombe ndivyo vifaa vya kuanzia, na wazee wa Iringa waulizwe namna ya kuifunga nguo hiyo.

Igizo likiendelea hadi kuanguka kwa ngome ya Kalenga, Oktoba 1894, jambo moja lisisahauliwe: Wahehe waliteka bunduki zipatazo mia tatu pale Lugalo. Kwa hiyo zile za mbao walizoshika askari katika sehemu ya kwanza, baadhi zionekane mikononi mwa Wahehe katika sehemu ya pili.