Bashraf: taarab isiyo na mwimbaji

Mpunga ukishavunwa, mashine za kukoboa hapa Mlimba huwashwa alfajiri na hazinyamazi mpaka jioni. Kando ya moja ya mashine hizo kuna kibanda cha kurushia nyimbo. Unampa kijana memori kadi, unamtajia unachotaka, anakuwekea: singeli, bongofleva, kwaya, zilipendwa, taarab ya kisasa. Msimu uliopita nilimpelekea kadi yangu anipangie mafaili yaliyovurugika. Akafungua moja ili ajue ni la nani.

Fidla zikapanda, zikashuka, kanuni ikajibu, dumbaki likashika mwendo. Kijana akasubiri. Ikapita dakika nzima. Mwishowe akapunguza sauti ya spika, akanigeukia: "Mzee, huyu anaanza kuimba saa ngapi?"

Haimbi mtu, nikamwambia. Ile ni bashraf, muziki wa ala tupu ambao vikundi vya taarab vya Unguja hupiga kufungulia usiku, kabla mwimbaji hajasimama. Lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani, kwa sababu ndani yake mna jibu la kwa nini muziki huu, ambao umekuwa kwetu kwa zaidi ya karne moja, haujulikani hata kwa wengi wanaojiita wapenzi wa taarab. Taarab tunaisikiliza kwa maneno. Tunataka kujua nani kapigwa kijembe, fumbo limefumbwa wapi, na ubeti ukitugusa tunainuka kwenda kumtunza mwimbaji. Bashraf haina fumbo wala kijembe, na hakuna wa kumtunza. Inachokupa ni muziki wenyewe.

Jina limesafiri sana kabla ya kutufikia. Waajemi walikuwa na neno lenye maana ya kitu kinachotangulia. Waturuki wa dola ya Uthmaniya wakalifanya peşrev, muziki wa kufungulia mkusanyiko katika majumba yao. Waarabu wa Misri na Sham wakalitamka bashraf, na kwa njia ya Cairo likafika Unguja. Wanamuziki wa Unguja husimulia kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri kiasi cha kumpeleka Mzanzibari mmoja, Mohamed Ibrahim, kwenda kujifunza huko, naye aliporudi akawafundisha wengine. Kilichoanza kama starehe ya jumba la kifalme kikatoka kwenda mitaani, na mwaka 1905 vijana wa Unguja wakaanzisha chama cha muziki cha Ikhwani Safaa. Chama hicho kiko hai hadi leo.

Kwa asili bashraf ina vipande vinne, kila kimoja kikiitwa khana. Kila khana ikimalizika hurudi kipande kilekile, nacho huitwa taslim. Aliyekulia kwenye ngoma ya sangula ya Wapogoro hatapata taabu kuuelewa mpango huo: kiongozi anatoa jipya, wenzake wanapokea kwa lile wanalolijua wote. Tofauti ni kwamba hapa wanaopokeana ni fidla, udi, nai na kanuni.

Sasa tuje kwenye santuri, maana huko ndiko bashraf ilikoachwa nyuma. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa kijijini Fumba na aliyeanza maisha akiuza vyungu, alivuka bahari hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV. Taarab ya jumba la kifalme ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba Kiswahili, akiimba habari za mji ambazo watu walizijua. Santuri zake zilinunuliwa pwani nzima na kuingia bara, na kampuni nyingine nazo zikaja kutafuta sauti za Kiswahili. Zilichotafuta ni sauti na maneno. Nani angenunua sahani isiyo na mwimbaji?

Halafu kulikuwa na tatizo la sahani yenyewe. Santuri ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua muziki wa dakika 3 au zaidi kidogo. Mwimbaji aliweza kupunguza beti. Bashraf yenye khana nne, na taslim baada ya kila moja, ukiipunguza hivyo umeivunja. Ama unatupa khana mbili, ama unaikata katikati na msikilizaji anainuka kugeuza sahani wakati fidla ndiyo kwanza zimechangamka.

Hata hivyo, kwa wapigaji wa Unguja santuri zilikuwa shule. Katika miaka ya 1930 na 1940 sahani za waimbaji wa Misri, Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab, pamoja na filamu za huko, zilifika Unguja na kusikilizwa kwa makini ya mwanafunzi. Sindano inarudishwa nyuma, kipande kinasikilizwa tena, vidole vinatafuta mahali pake kwenye waya. Vikundi vidogo vikakua: fidla zikaongezeka, akodiani ikaingia, selo na besi zikafuata. Ukiisikia leo okestra ya Unguja imekaa safu kwa safu, ujue sehemu ya malezi yake ilitoka kwenye sahani iliyochakaa kwa kurudiwa.

Sisi wa bonde la Kilombero tulipata taarab kwa redio. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, ilileta Mlimba watu wa kila kabila, kila mmoja na redio yake na nyimbo za kwao. Nadhani mara yangu ya kwanza kusikia bashraf ilikuwa kupitia redio ya mbao ya mjomba, nami nikiwa mtoto nikadhani ni kionjo cha kusubirisha watu mpaka kipindi kianze. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba ule "usubirishaji" ulikuwa na jina, na muundo, na watu waliotumia maisha yao kuujua.

Kurekodiwa vizuri kulichelewa. Mwaka 1988 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilianza kutoa mfululizo wa rekodi za taarab ya Unguja. Toleo la kwanza lilimweka mbele Abdullah Mussa Ahmed, mpiga kanuni, pamoja na Seif Salim Saleh. La pili likawa la Ikhwani Safaa. Mwaka 2005 mfululizo mwingine, Zanzibara, wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ukaanza kwa kuadhimisha miaka 100 ya Ikhwani Safaa. Kanda na CD havina haraka ya dakika 3. Wapigaji sasa waliweza kukaa, kupumua, na kuimaliza khana ya nne bila mtu kuwaonyesha saa.

Kwa asiyeizoea, ningemshauri aanze na kanuni. Mpigaji anaipakata mapajani: sanduku la mbao lenye waya zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu, kila tatu zikitoa sauti moja. Kwenye vidole vya shahada huvaa pete, na katika kila pete huchomeka kijiti chembamba cha kudonolea waya. Kwenye rekodi nzuri unakisikia kile kijiti kikigusa waya kabla sauti yenyewe haijafunguka, kama mvua inayoanza juu ya bati. Mkono wa kulia unatangulia, wa kushoto unafuata nyuma kidogo, chini kidogo.

Kisha sikiliza sauti ya tatu katika rast, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki huu, zinazotumika sana. Inakaa katikati ya sauti mbili zinazofuatana kwenye kinanda tunachokijua, na kinanda cha kawaida cha kwaya hakina kitufe chake. Mwanakwaya wa Ifakara atakunja uso na kusema fidla imekosea. Mimi pia nilikunja. Sikujisomea kitu chochote kilichonibadilisha. Niliirudia tu, usiku baada ya usiku, mashine za mpunga zikiwa zimezimwa na treni ya mizigo ikipita kuelekea kwenye mahandaki ya njia ya Makambako. Baada ya wiki kadhaa sauti ile haikuwa tena kosa. Ikawa ndiyo ninayoisubiri, na kinanda cha kanisani kikaanza kunionekea kimepungukiwa.

Kwa wanaotaka kuisikia ikipigwa mbele yao, safari ni ya Unguja. Vikundi vya taarab asilia bado vinakutana kwa mazoezi, na chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kinachojulikana kwa kifupi kama DCMA, kinafundisha udi, kanuni na fidla kwa vijana ambao wengine hawajawahi kuona ala hizo majumbani mwao. Kwa sisi tulio mbali, rekodi zipo, na siku hizi kuzipata hakuhitaji gramafoni wala fedha nyingi. Kinachohitajika ni mtu kukaa dakika 10 bila kungoja maneno.

Kijana wa kibandani alikaa. Sijui kama ni kwa heshima au kwa sababu mteja mwingine hakuwepo. Taslim iliporudi mara ya tatu aliinua kidole kuniashiria kuwa ameitambua, na iliporudi ya nne alikuwa anaigonga kwa kalamu juu ya meza, akiwa amepitwa kidogo lakini yumo. Muziki ulipokwisha, mashine ya mpunga ikasikika tena nje.

Akaangalia kioo cha kompyuta. Faili lilikuwa limeandikwa namba tu, tatu, bila jina la wimbo wala la kikundi. Akaweka vidole kwenye vitufe.

"Mzee, niandike nani?"

"Andika Bashraf."

"Na mwimbaji?"

Nikamtajia Ikhwani Safaa, herufi kwa herufi, akaandika.