Mahindi yanaishia getini

Siku nyingi sijaandika humu, si mnajua tena, kazi za vikundi na majaribio zimetubana kweli kweli. Leo nimekuja na historia kidogo, maana kuna deni linanisumbua tangu wiki iliyopita.

Tulikuwa kwenye semina tunajadili sera za maendeleo na mazingira. Mwenzetu mmoja akauliza: "Hivi hawa Wamasai wa Ngorongoro kila ukame wanalia njaa, kwa nini wasilime tu kama watu wa Karatu?" Darasa likacheka, halafu macho yote yakanigeukia mimi, mtoto wa Karatu. Nikababaika. Jibu fupi nilikuwa nalo: ni marufuku. Lakini swali lililofuata likanishinda. Marufuku tangu lini, na nani alikubali?

Basi nimekwenda kusoma, na haya ndiyo niliyorudi nayo.

Ukitoka Karatu mjini kupanda kuelekea geti la Lodoare, njia nzima ni mashamba: mahindi, ngano, maharage, kahawa. Ukifika getini mashamba yanakatika ghafla, kama yamepigwa panga. Msitu unaanza. Tulipokuwa wadogo tulidhani Mungu ndiye aliyeuchora huo mstari. Kumbe ni serikali.

Upande wetu wa chini historia ni ya jembe. Walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba ya kahawa Oldeani, na Wairaqw nao wakazidi kusogea kutoka milima ya Mbulu wakitafuta ardhi ya kulima. Na msidhani huko juu hakukuwahi kuwa na shamba. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndugu wawili wa Kijerumani, Adolph na Friedrich Siedentopf, walikuwa na mashamba yao ndani ya kreta yenyewe! Kabla yao walikuwepo Wadatoga, ambao Wamasai waliwaondoa katika karne ya 19. Kwa hiyo ile hadithi ya pori ambalo halijaguswa na mtu tuiweke kando.

Sasa tuje kwenye mstari. Mwaka 1951 Waingereza walianzisha Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na wakati huo mipaka yake ilijumuisha hata Ngorongoro. Mwaka 1954 kilimo kikapigwa marufuku ndani ya hifadhi. Watu wakagoma, mvutano ukawa mkubwa, na mwishowe serikali ikatafuta mapatano. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia saini kukubali kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 eneo likagawanywa: Serengeti ikabaki ya wanyama peke yao, na Ngorongoro, kama kilomita za mraba 8,300, ikawa eneo la aina yake, la watu, mifugo na wanyama pamoja.

Hapa ndipo penye ahadi. Agosti 1959 Gavana Richard Turnbull aliliambia Baraza la Wamasai kwamba ukitokea mgongano kati ya wanyama na wakazi, maslahi ya wakazi yatatangulia. Yaani waliondoka Serengeti wakiwa na neno la gavana mkononi.

Neno hilo halikudumu sana. Mwaka 1974, sisi wenyewe tukiwa tumeshajitawala, askari waliingia kreta na kuwatoa wafugaji waliokuwa wakiishi humo. Mwaka uliofuata, 1975, kilimo kikapigwa marufuku Ngorongoro nzima. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela aliruhusu watu walime vijishamba vya kujikimu, kwa sababu hali ya chakula ilikuwa mbaya. Mwaka 2009 marufuku ikarudi, na safari hii UNESCO nao walikuwa wanasukuma, kwa kuwa Ngorongoro ni Urithi wa Dunia tangu 1979.

Mtu atasema, wao si wafugaji bwana, mahindi ya nini? Hata mimi nilifikiri hivyo. Lakini sikilizeni hili, ndilo lililonifungua macho.

Zamani sotoka ilikuwa inaua ng'ombe na nyumbu pia. Serikali ikachanja ng'ombe, ugonjwa ukakatika, na nyumbu nao wakapona. Kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walifika zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Habari njema kwa dunia nzima. Ila nyumbu anapozaa kwenye mbuga za chini anaacha ugonjwa unaoua ng'ombe, kwa hiyo mfugaji lazima akimbize mifugo wake kwenye nyanda za juu msimu huo. Huko juu nako kuna kupe, na kupe ni ndigana kali. Wakati huo huo watu wameongezeka, kutoka kama 8,000 mwaka 1959 hadi zaidi ya 90,000 mwaka 2017. Ng'ombe kwa kila kichwa wamepungua. Maziwa hayatoshi tena.

Sasa familia inakula nini? Ugali. Na unga unatoka wapi? Kwetu! Mfugaji anauza mbuzi mnadani, ananunua mahindi ya Karatu. Ukame ukija, mbuzi anakonda na bei yake inashuka, huku mahindi yanapanda. Anapigwa kotekote. Kijishamba cha nyuma ya boma kilikuwa ndicho bima yake, na ndicho kilichokatazwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kreta ilimwe. Msitu ule wa kwenye kingo ndio unaotupa maji sisi wa Karatu, ukikatwa chemchemi zetu zinakauka na kahawa inakufa. Watalii wanaokwenda kreta wanalala kwenye hoteli za Karatu, wanakula nyanya za Karatu, wanaendeshwa na vijana wa Karatu. Hifadhi imetufaa sana. Na hapo ndipo panaponiuma: sisi tuliobaki chini ya geti tunapata maji, soko na watalii, na bado tunalima. Aliye juu ya geti ndiye anayelipa gharama, halafu tunamuuliza kwa kicheko mbona halimi.

Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia familia Msomera, wilaya ya Handeni, ikisema ni kwa hiari. Huko wanapewa nyumba na, ajabu ya mambo, shamba la kulima. Wapo waliokwenda kwa moyo mweupe. Wapo wanaosema hiari gani hii wakati huduma zinazidi kubanwa nyumbani. Agosti 2024, baada ya tangazo la kufuta vijiji na kata zao, maelfu waliingia barabarani na magari ya watalii yakasimama. Mahakama Kuu Arusha ikasitisha tangazo hilo, na Februari 2025 Rais Samia akazindua tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi na nyingine ya huo uhamaji.

Vitabu tunavyosoma hapa chuoni vinapenda kusema mazingira na maendeleo lazima viende pamoja. Sawa. Lakini Ngorongoro ilikuwa imeshaanza kufanya hivyo mwaka 1959, kabla wengi duniani hawajawaza. Mimi naona kilichopungua ni kutimiza ahadi. Kila serikali iliyokuja, ya mkoloni na yetu, ilipobanwa ilipunguza upande wa watu kwanza, kwa sababu nyumbu ana watetezi hadi Ulaya na mama wa boma hana.

Mungu akipenda mwakani nitakuwa nimeshika chaki. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiniuliza lile swali la semina, sitababaika tena. Nitamchorea ubaoni mstari, huku mahindi, kule msitu, halafu nitamuuliza yeye: nani alichora, nani anakula, nani analipa?

Haya wadau, nakimbilia foleni ya kantini kabla wali haujaisha. Tupo pamoja.