Matairi Mapya kwa Gari la Zamani: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Nachingwea na Ruangwa

Mvua za msimu katika Mkoa wa Lindi huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Katika Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mwanzo wa mvua hizo hukaribiana na kipindi cha mauzo ya korosho, hivyo gari la familia lililosubiri matengenezo kwa miezi mingi mara nyingi hupelekwa kwa fundi wakati huo. Matairi ni miongoni mwa gharama kubwa za matengenezo hayo. Ni pia eneo ambalo mnunuzi hupotoka kwa urahisi, kwa kuwa tairi zuri na tairi baya hufanana sana yakiwa yamepangwa dukani.

Reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa miaka ya 1940 ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo, safari ya kwenda Masasi, Liwale au Hospitali ya Ndanda hufanyika kwa barabara, na gari moja hupita kwenye lami, changarawe na udongo mwekundu. Tairi linalofaa ni lile linaloshika lami iliyolowa bila kuchanwa na kokoto.

Kabla ya kuuliza bei, mwenye gari anashauriwa kusoma kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Hapo huandikwa kipimo cha tairi kilichokusudiwa na mtengenezaji, kwa mfano 195/65R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Kusoma kipimo kwenye tairi linalotolewa hakutoshi, kwa kuwa gari lililopitia mikono ya wamiliki watatu au wanne huenda lilikwisha kubadilishiwa kipimo zamani.

Baada ya kipimo huandikwa namba ya uzito na herufi ya mwendo, mathalani 91H. Namba 91 ina maana kwamba tairi moja hubeba hadi kilo 615, na 86 ni kilo 530. Kwa matairi manne, tofauti hiyo hufikia kilo 340. Gari linalobeba watu watano na magunia nyuma halipaswi kuwekewa tairi lenye namba ndogo kuliko ya awali, hata likipungua bei kiasi gani. Wapo pia wanaoweka tairi kubwa zaidi ili gari linyanyuke. Kwa gari lililokusudiwa 195/65R15, tairi la 195/70R15 huongeza kipenyo kwa takriban asilimia 3: spidomita huonesha mwendo mdogo kuliko halisi, na tairi linaweza kusugua bodi gari likielemewa na mzigo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni umri. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka 5, na liondolewe likifika miaka 10 hata kama kashata bado ni nzuri. Mpira hukauka na kupasuka ndani, na joto huharakisha hali hiyo. Kwa sababu hiyo, tairi jipya la chapa isiyovuma, lililotengenezwa karibuni na lenye kipimo sahihi, ni chaguo bora kuliko tairi lililotumika la chapa maarufu ambalo historia yake haijulikani. Tairi lililochongwa upya ili lionekane lina kashata halifai kabisa, kwa kuwa kuchonga hupunguza mpira unaofunika nyuzi na waya za ndani.

Magari yaliyotumika kutoka Japani huhitaji uangalifu wa pekee. Baadhi huwasili yakiwa na matairi ya theluji, yenye neno STUDLESS ubavuni na mara nyingi herufi ya mwendo Q. Kashata zake nene huvutia macho, lakini mpira wake ni laini kwa makusudi ya baridi; kwenye lami yenye joto huisha haraka na kulegea kwenye kona.

Tairi huhesabiwa kuwa limekwisha pale kashata zinapolingana na vijiti vidogo vilivyomo ndani ya mifereji, yaani kina cha milimita 1.6. Kwa barabara za masika, ni busara kutosubiri kikomo hicho. Fedha zikitosha matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma. Ushauri huu huwashangaza wengi, hasa wenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Hata hivyo, matairi ya mbele yakiteleza dereva huhisi kwenye usukani na kupunguza mwendo, ilhali ya nyuma yakiteleza gari huzunguka kabla hajawahi kufanya lolote. Kwa gari linalovutwa na magurudumu yote manne, matairi yote yanapaswa kulingana, vinginevyo difu huumia.

Kwa gari la zamani, tairi jipya linaweza kuliwa upande mmoja ndani ya miezi michache iwapo bushi, bolijointi au shokapu zimechoka. Vifaa hivyo vikaguliwe kwanza, ndipo matairi yafungwe na alaimenti ifanyike. Valvu nazo zibadilishwe, kwani gharama yake ni ndogo.

Mnunuzi anapaswa kudai risiti ya EFD na kuhakikisha tarakimu za tarehe hazijafutwa. Tairi linaloshukiwa kuwa bandia huripotiwa Tume ya Ushindani (FCC), na lile linaloshukiwa kuwa chini ya kiwango huripotiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Upepo hujazwa kwa kufuata kibandiko cha mlangoni. Magari ya Japani huonesha kilopaskali, ambapo 220 ni sawa na takriban 32 kwenye geji ya fundi. Kipimo hicho huchukuliwa asubuhi kabla gari halijatembea, tairi la akiba likiwamo.