Ng'ombe Mkali na Mwenye Ng'ombe: Historia Fupi ya Kuwawajibisha Wenye Biashara kwa Madhara Yawapatayo Watoto

Utangulizi

Katika mitaa ya Sinza, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Dar es Salaam, mchungaji wa siku hizi haketi muda mrefu na wazazi kabla habari ya simu haijatajwa. Mtoto hukesha. Binti wa kidato cha pili ametumiwa picha chafu na mtu asiyemjua. Kijana wa Kipaimara ameshawishiwa atume picha zake mwenyewe, kisha akatishiwa kwamba zitasambazwa asipolipa. Mambo haya huletwa ofisini kwa aibu, na mara nyingi huletwa yakiwa yamekwisha kuharibika.

Mwandishi wa makala hii amehubiri juu ya jambo hili zaidi ya mara moja, na kila mara maonyo yake aliyaelekeza kwa watu wawili tu, yaani mtoto na mzazi. Baada ya ibada moja, mama mmoja mwuza chakula alibaki nyuma akauliza: "Mchungaji, mimi umenionya, na mwanangu umemwonya. Huyo anayepata fedha kila saa mwanangu anapokesha, yeye anaonywa na nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Makala hii inajaribu kumjibu kwa njia ya historia. Inakusudia kuonyesha kwamba swali lake si jipya, na kwamba Kanisa limewahi kulijibu. Jibu lilianza kupatikana pale watu walipoacha kumtazama mama peke yake, wakamtazama pia mwuzaji ambaye alikwisha kuonywa.

1. Mlango uliokuwa na mwenyewe

Sinza ni mtaa uliopangwa. Viwanja vyake vilipimwa katika miaka ya 1970, pamoja na vile vya Kijitonyama na Mikocheni, chini ya mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwaka 1973, lakini Bara tulingoja hadi miaka ya 1990. Picha za kutembea zilionekana katika majumba ya sinema, na baadaye katika vibanda vya video vilivyoenea mitaani, ambako kwa senti chache mtu aliketi kwenye benchi akatazama alichowekewa.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilitaka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, na aonyeshaye awe na kibali. Hatuna haja ya kuusifu wakati ule kupita kiasi. Watoto waliingia vibandani, na wengi wetu tuliokulia katika jiji hili tunajua hivyo kwa kuwa tulikuwamo. Hata hivyo mambo mawili hayakuwa na ubishi. Kwanza, kibanda kilikuwa na mwenyewe, naye alikaa mlangoni akipokea fedha. Wazee wa mtaa walijua jina lake na nyumba yake. Pili, wajibu wa kujua kilichomo ndani ya kanda uliwekwa juu ya aonyeshaye. Mzazi alilaumiwa kwa kumwachia mtoto azurure usiku, na hiyo ilikuwa haki. Lakini hakuna aliyesema kwamba kwa sababu mzazi ana lawama, basi mwenye kibanda hana.

2. Maziwa ya kopo, 1939 hadi 1981

Mfano mkubwa zaidi unatoka katika jambo ambalo mwanzoni halifanani na picha wala simu, yaani biashara ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Nauleta hapa kwa sababu ndani yake makanisa yalijifunza namna ya kuuliza.

Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, aliyekuwa amefanya kazi Gold Coast (Ghana ya leo), alitoa hotuba huko Singapore akiwashutumu waliowashawishi akina mama kuacha kunyonyesha na kutumia maziwa ya viwandani. Kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini onyo hilo halikusikiwa na wengi. Wakati huo makampuni yalipeleka mahospitalini wanawake waliovaa mavazi meupe kama wauguzi, wakigawa makopo ya bure. Mama akiisha kutumia kopo la bure, maziwa yake mwenyewe hupungua. Naye akirudi nyumbani hana budi kununua. Asiye na fedha huyazimua maziwa kwa maji mengi, na maji yenyewe si safi. Mtoto hupata kuhara, hudhoofu, hufa.

Mwaka 1974 shirika la Uingereza liitwalo War on Want lilichapisha kijitabu juu ya jambo hilo. Kikundi cha vijana huko Bern, Uswisi, kilikitafsiri kwa Kijerumani na kukipa jina lililoishtaki kampuni ya Nestlé waziwazi kwamba inaua watoto. Kampuni iliwashtaki kwa kashfa. Mwaka 1976 mahakama iliwatia hatiani, ikawatoza faini ndogo ya faranga 300 kila mmoja. Lakini hakimu aliiambia kampuni pia kwamba haina budi kuzifikiri upya njia zake za kutangaza biashara. Kampuni ilishinda shauri, lakini dunia ilikwisha kusikia.

Mwaka huohuo wa 1976, huko Marekani, masista wa Damu Azizi, wakiwa wanahisa wa kampuni ya Bristol-Myers, waliishtaki kampuni yao wenyewe kwamba imewapa wanahisa taarifa zisizo za kweli juu ya uuzaji wa maziwa hayo katika nchi maskini. Mwaka 1977 ulianza mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé, na Baraza la Taifa la Makanisa la Marekani likauunga mkono mwaka 1978. Mwaka huo Seneti ya Marekani ilifanya kikao chini ya Seneta Edward Kennedy. Mwakilishi wa Nestlé kutoka Brazili aliulizwa kama kampuni ina wajibu wowote inapojua kwamba bidhaa yake inatumiwa mahali pasipo maji safi. Alijibu kwamba kampuni haiwezi kubeba wajibu huo. Tena alidai kwamba nyuma ya mgomo lipo shirika la kanisa la kimataifa lenye nia ya kudhoofisha uchumi huria.

Wasomaji wa jarida hili wayatafakari majibu hayo mawili. La kwanza linasema kwamba maji ni ya mama. La pili linasema kwamba Kanisa liache mambo yasiyolihusu. Majibu hayo hayakusimama. Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa za uuzaji wa maziwa mbadala kwa kura 118 dhidi ya moja, ambayo ilikuwa ya Marekani. Kanuni hizo zilikataza kutangaza maziwa hayo kwa wananchi, na kuwapa akina mama sampuli za bure. Kopo halikupigwa marufuku, kwa maana wapo watoto wanaolihitaji. Kilichokatazwa ni mtego.

3. Kibanda ambacho mwenyewe yuko mbali

Sasa tuirudie simu. Mwaka 1996 Marekani ilitunga sheria ambayo kifungu chake cha 230 kilisema kwamba mwenye mtandao asihesabiwe kuwa mchapishaji wa maneno yaliyowekwa na mtu mwingine. Wakati huo Facebook haikuwapo, wala Instagram, wala TikTok. Sheria hiyo iliwafikiria watu waliotunza ubao wa matangazo, ambao kila mtu hubandika lake. Wazo hilo lilienea katika sheria za nchi nyingi. Hapa kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu vikali usambazaji wa picha za ngono za watoto, lakini haimlazimishi mtoa huduma kufuatilia yanayopita mikononi mwake. Wajibu wake huanza hasa pale anapojulishwa.

Lakini mitandao ya leo si ubao wa matangazo. Ubao haumchagulii msomaji karatasi ya kumwonyesha, wala hauhesabu macho yake yametua wapi ili kesho umletee zaidi ya hayo. Mitandao hufanya hivyo, na hupata fedha za matangazo kwa kadiri mtu anavyokaa. Hapa ndipo historia ya maziwa ya kopo inapofanana na ya simu. Katika zote mbili madhara hayatoki kwa mtumiaji mbaya peke yake. Yanatoka pia katika namna biashara ilivyopangwa.

Je, wenye biashara walijua? Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa hadharani nyaraka za ndani zilizoonyesha kwamba watafiti wa kampuni hiyo walikwisha kuona jinsi Instagram inavyowadhuru baadhi ya wasichana katika namna wanavyoiona miili yao. Kampuni ilisema utafiti wake umeelezwa vibaya. Mwezi Septemba 2022, huko London, afisa achunguzaye vyanzo vya vifo aliamua kwamba mambo aliyoonyeshwa mtandaoni binti wa miaka 14, Molly Russell, yalichangia kifo chake cha mwaka 2017. Mwezi Oktoba 2023 majimbo 33 ya Marekani yaliishtaki kwa pamoja kampuni ya Meta, yakidai kwamba ilitengeneza huduma zake kwa namna ya kuwanasa vijana. Tarehe 31 Januari 2024, mbele ya Seneti, mkuu wa kampuni hiyo, Mark Zuckerberg, aligeuka akawaomba radhi wazazi waliokuwa wameshika picha za watoto wao.

Australia imekwenda mbali zaidi. Sheria yake iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025 inayataka makampuni yazuie akaunti za walio chini ya miaka 16. Watu wanaweza kubishana kama umri huo unafaa. Lakini jambo la kuangalia ni kwamba adhabu imewekwa juu ya kampuni, wala si juu ya mtoto au mzazi.

4. Mahakama ya Nairobi

Mtu wa Sinza atasema: hayo ni ya Ulaya na Marekani, sisi tutamkamata nani? Jibu limeanza kutolewa jirani yetu. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyefanya kazi Nairobi ya kuchuja picha na maneno ya kutisha kwa ajili ya Facebook, aliishtaki Meta nchini Kenya. Kampuni ilidai kwamba haina ofisi huko na kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Mahakama ilikataa hoja hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwezi Septemba 2024. Tarehe 3 Aprili 2025 Mahakama Kuu iliamua vivyo hivyo katika shauri la Abrham Meareg, Mwethiopia ambaye baba yake, profesa wa kemia, aliuawa mwaka 2021 baada ya kuandikwa vibaya katika Facebook.

Mashauri haya hayahusu watoto, na hayo maamuzi yalihusu mamlaka ya mahakama tu, si hatia. Lakini yameondoa udhuru mmoja mkubwa: mwenye kibanda aliye ng'ambo anaweza kuitwa mlangoni pa mahakama ya Afrika Mashariki.

Na watoto wetu wanahusika. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika mwaka mmoja asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walipatwa na vitendo dhahiri vya unyanyasaji wa kingono mtandaoni. Katika darasa la Kipaimara la vijana 50 wenye simu, hao ni wawili.

5. Tafakari ya kitheolojia

Torati inalijua jambo hili. Katika Kutoka 21:28-32, ng'ombe akimwua mtu kwa mara ya kwanza, ng'ombe huuawa na mwenyewe huachiliwa. Lakini kama ilijulikana tangu zamani kwamba ng'ombe huyo ni mkali, na mwenyewe alikwisha kuonywa asimfunge, basi hatia inampata mwenyewe. Aya ya 31 yaongeza kwamba hukumu ni hiyohiyo aliyeuawa akiwa mtoto. Mizani ya Maandiko hapa ni ujuzi: ulionywa, nawe ulifanya nini? Kadhalika Kumbukumbu la Torati 22:8 humtaka ajengaye nyumba aweke ukingo darini kabla mtu hajaanguka. Wajibu huo ni wa mjenzi. Hauko juu ya mgeni.

Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba amri ya tano huvunjwa pia na yule awezaye kumwokoa jirani na madhara asifanye hivyo. Fundisho hilo tumezoea kulielekeza kwa mtu mmoja mmoja. Hakuna sababu ya kulizuia lisimfikie mwenye kampuni, kwa maana kampuni huongozwa na watu wenye dhamiri.

Hata hivyo Kanisa liwe na kiasi. Kulinda watoto kunaweza kugeuzwa kuwa kisingizio. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini mwetu, na miongoni mwa sababu zilizotolewa na serikali ni picha za ngono. Kufunga njia ya wote si sawa na kumtaka mwenye ng'ombe amfunge ng'ombe wake. Tunachodai ni ukingo darini: mtoto asionyeshwe kwa mgeni, asisukumiwe yasiyomfaa, na malalamiko yake, hata yakiandikwa kwa Kiswahili, yajibiwe.

Hitimisho

Yule mama alistahili jibu hili: anaonywa na mahakama, na bunge, na wanunuzi, na Kanisa pia, kama lilivyofanya katika habari ya maziwa. Vijana wa Bern hawakuwa maaskofu, na masista wale walikuwa na hisa chache. Walichofanya ni kukusanya ushahidi na kuuliza mahali panapostahili.

Sisi tunaweza kuanza na mambo madogo. Mchungaji aletewaye shauri la namna hii asimwambie mtoto afute kila kitu kwa aibu. Aitunze habari hiyo kama ushahidi, ampeleke polisi katika dawati la jinsia na watoto, na amfahamishe namba ya bure 116 ya msaada kwa watoto. Sharika ziweke kumbukumbu, bila majina, za yale yanayoletwa, ili siku wabunge au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi watakapotuuliza tumeona nini, tusijibu kwa hisia. Na katika mimbara zetu, tutakapomwonya mtoto na mzazi, tusiketi kabla hatujamtaja mwenye ng'ombe.