Makadirio ya gharama za uzio wa malisho

Makadirio ya gharama za uzio wa malisho ni hesabu ambayo mfugaji hufanya kabla ya kuzungushia ua eneo la kulishia ng'ombe, mbuzi, kondoo au punda. Hesabu hiyo humwonyesha vifaa, kazi na fedha zitakazohitajika, na pia kama uzio wenyewe unastahili kujengwa.

Mzingo na umbo la shamba

Gharama hufuata mzingo wa shamba kuliko eneo lake. Kanuni ya mzingo hufundishwa shule ya msingi, lakini husahaulika watu wanapoulizana bei ya uzio "kwa ekari". Shamba la mraba la hektari 1 lina mzingo wa mita 400. La hektari 4 lina mita 800 tu: eneo ni mara nne, uzio ni mara mbili. Kwa hiyo mwenye shamba dogo hulipa zaidi kwa kila hektari.

Hektari 4 hizohizo zikiwa ukanda wa mita 50 kwa 800, mzingo hufika mita 1,700. Vipande virefu vya namna hiyo hutokea ardhi ya familia inapogawanywa ili kila mrithi afike barabarani au mtoni. Majirani wakikubaliana kuchangia uzio wa mpakani, kila mmoja hupunguziwa mzigo.

Mfano wa hesabu

Shamba la mraba la hektari 4 litazungushiwa seng'enge nyuzi 5, nguzo zikiwa kila baada ya mita 4. Nguzo ni 800 ÷ 4 = 200. Waya ni 800 × 5 = mita 4,000; ikiongezwa asilimia 5 ya kufungia na kuunga, ni mita 4,200. Kama roli moja lina mita 600, zinahitajika roli 7. Misumari ya U ni 1,000, mmoja kwa kila uzi katika kila nguzo.

Seng'enge mara nyingi huuzwa kwa kilo, ilhali urefu wa roli hutegemea unene wa waya. Muuzaji aulizwe mita, si uzito peke yake.

Nguzo za pembeni na za lango hubeba mvuto wote wa waya, hivyo huwa nene, huzikwa chini zaidi na huwekewa mihimili ya kuziegemeza. Kubana matumizi hapo ni kupoteza, kwani pembe ikilegea upande mzima hulegea. Huongezwa pia usafiri, kufyeka mstari na kuchimba mashimo, kazi ambayo kwenye mwamba huweza kuchukua siku nyingi. Mbuzi huhitaji nyuzi za chini zilizokaribiana zaidi au wavu.

Mchwa nao waingizwe katika hesabu. Nguzo isiyotiwa dawa ikinunuliwa kwa nusu ya bei lakini ikaliwa baada ya miaka 4, ni ghali kuliko iliyotiwa dawa ikadumu miaka 12.

Njia nyingine

Uzio hai wa minyaa au mkonge hauhitaji fedha nyingi, ila huchukua miaka kushikana, na utomvu wa minyaa hudhuru macho. Huko Shinyanga, Wasukuma huhifadhi malisho ya kiangazi katika *ngitili*, ambazo hulindwa hasa kwa makubaliano ya jamii.

Gharama nyingine haionekani dukani. Katika nyanda za Kitengela, kusini mwa Nairobi, uzio umeziba njia za nyumbu na pundamilia wanaotoka na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kuanzia mwaka 2000 mpango wa kukodi ardhi uliwalipa wenye mashamba waliokubali kuyaacha bila uzio. Kwa mfugaji wa eneo kama hilo, malipo anayoyakosa kwa kujenga ni sehemu ya bei ya uzio wake.