Uchaguzi wa fimbo na upangaji wa mchezo katika gofu

Uchaguzi wa fimbo na upangaji wa mchezo ni maamuzi anayoyafanya mchezaji wa gofu kabla ya kupiga mpira: atumie fimbo ipi, alenge wapi, na mkwaju ukiharibika mpira uangukie upande gani. Wachezaji wawili wenye mapigo yanayolingana wanaweza kuachana kwa mikwaju kadhaa katika raundi moja kwa sababu ya maamuzi hayo tu.

Kikomo cha fimbo 14

Hadi miaka ya 1930 idadi ya fimbo haikuwa na mpaka, na wapo waliowabebesha makedi wao zaidi ya 20. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kiliweka kikomo cha fimbo 14 mwaka 1938; R&A ya Scotland ikafuata 1939. Tangu hapo anayetaka weji ya nne hana budi kuacha fimbo ndefu nyumbani. Kati ya aini moja na inayofuata, umbali wa mpira hutofautiana kwa yadi 10 hadi 15.

Kuzidisha fimbo huadhibiwa kwa mikwaju miwili kwa kila shimo lililochezwa hivyo, isizidi minne. Ian Woosnam, bingwa wa Kenya Open mwaka 1986, aliingia raundi ya mwisho ya The Open ya 2001 akiwa miongoni mwa waliokuwa kileleni. Shimo la kwanza alilicheza vizuri mno. Alipofika la pili, ikagundulika kuwa mfukoni mna draiva ya ziada. Akamaliza nafasi ya tatu kwa pamoja na wengine.

Umbali, hewa na upepo

Mchezaji wa ridhaa hukosea zaidi kwa kupiga mfupi, kwa kuwa huhesabu umbali kwa mkwaju wake bora kuliko yote. Tuseme zimebaki yadi 150, bendera iko kulia, na mbele yake pana banka. Mwenye busara huongeza fimbo moja, hulenga katikati ya grini na kuisahau bendera.

Jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali zaidi. Mgeni aliyezoea viwanja vya pwani huupitisha mpira ng'ambo ya grini siku ya kwanza kwenye uwanja wa Muthaiga, asipomsikiliza kedi. Mombasa shida huwa upepo wa bahari.

Desturi ya kuandika yadi kwenye kijitabu ilipata nguvu kwa Jack Nicklaus, aliyeichukua kwa mchezaji mwenzake Deane Beman huko Pebble Beach mwaka 1961.

Mifano mashuhuri

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Jean van de Velde, Mfaransa aliyefika shimo la 18 la Carnoustie katika The Open ya 1999 akiongoza kwa mikwaju mitatu. Mikwaju sita kwenye shimo la par 4 ingempa ubingwa. Alichukua draiva, na mpira ukaenda kulia kabisa, lakini akaponea: haukuingia majini. Hapo weji moja fupi, nyingine hadi grini, na kombe lingekuwa lake. Badala yake, kwa ujasiri usio na sababu, akatoa aini 2. Mpira uligonga jukwaa la watazamaji, ukadunda kwenye ukuta wa mawe wa kijito cha Barry Burn na kurudi kwenye nyasi ndefu. Mkwaju uliofuata uliingia kijitoni. Alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akasimama majini akiutazama mpira, kisha akakubali adhabu. Akaingia banka, akatoka, akamalizia kwa saba. Paul Lawrie, aliyeanza siku hiyo akiwa nyuma kwa mikwaju kumi, alishinda mchujo wa watu watatu.

Tiger Woods alifanya kinyume katika The Open ya 2006 huko Hoylake. Kiangazi kilikuwa kimeukausha uwanja na mpira ulibiringika mbali. Katika mashimo yote 72 alitumia draiva mara moja tu, akizikwepa banka kwa aini ndefu. Alishinda kwa mikwaju miwili.

Mwaka 2007 Zach Johnson, asiyepiga mbali, hakujaribu hata mara moja kufikia grini kwa mikwaju miwili kwenye mashimo ya par 5 ya Augusta. Mashimo hayo aliyacheza 11 chini ya par, akatwaa Masters.

Utafiti

Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji bora na wa kawaida hutokana na mikwaju ya mbali, si kusukuma kwenye grini.

Vifaa

Tangu kanuni za 2019, vipima umbali vinaruhusiwa isipokuwa waandaaji wa shindano wavipige marufuku.